Jiwe la Msingi la Kambi Tisa

Nchi hii haipo, na yeyote atakayedai kwamba alizaliwa humo aonyeshe kwanza cheti. Inaitwa Shwarini, na watu wake ni waungwana kupita kiasi. Zamani ilikuwa na Jeshi la Maji lenye manowari moja. Kila alipokuja mkubwa kuikagua, manowari ilipakwa rangi mpya juu ya ile ya zamani, na kwa kuwa wakubwa walikuwa wengi na kazi zao chache, rangi ilizidi kunenepa, hata Ijumaa moja chombo kikazama kikiwa kimefungwa gatini, bahari imetulia na adui hayupo. Tume ikaundwa, ikakuta kwamba kosa ni la bahari. Ndipo Jeshi la Maji lilipohamishiwa mlimani, mahali ambapo bahari haiwezi kulifanyia utovu wa nidhamu.

Nyuma likaacha Kambi Tisa: uwanja wa gwaride, bwalo lisilo na paa, gati lenye kutu, na nyumba arobaini za askari wa vyeo vya chini, ambamo walibaki wastaafu na wajane. Alibaki pia Bi Mize binti Vuai, mjane wa sajini, mfanyakazi pekee ambaye hakuna aliyekumbuka kumstaafisha. Kazi yake ilikuwa kusoma mti wa kipimo. Huo ulikuwa nguzo ya mvule iliyosimikwa kando ya gati na kuchorwa mistari ya upana wa kidole. Kila siku maji yanapojaa, Bi Mize huenda kutazama yamefika kidole cha ngapi, akaandika daftarini. Alifanya hivyo miaka ishirini na sita.

Kwa tabia alikuwa mtu wa kushuku. Akisalimiwa kwa bashasha hujiuliza kuna nini. Akipewa nyongeza ya nyanya sokoni huzigeuza moja moja kutafuta iliyooza, na mara nyingi huipata. Alimshuku marehemu mumewe mpaka siku ya mazishi, na baada ya hapo akawashuku waliokuja kuomboleza. Kitu kimoja tu hakuwahi kukishuku, nacho ni bahari, maana ilifika pale ilipofika na haikutoa hotuba.

Daftari lake lilipanda ngazi, likapita meza saba za wizara. Na Shwarini kuna adabu moja ambayo watu hufunzwa wangali wananyonya: habari mbaya haipelekwi kwa mkubwa ikiwa nzima. Hupunguzwa. Bi Mize akiandika kwamba mwaka huu bahari imepanda vidole saba, wa meza ya kwanza huondoa kimoja kwa heshima ya wa meza ya pili, wa pili huondoa kimoja kwa heshima ya wa tatu, na vivyo hivyo, hata ikifika kwa Waziri bahari haijapanda kitu. Mwaka ambao ilipanda vidole vitano tu, Waziri alisoma kwamba imeshuka viwili. Akavikwa nishani.

Waziri huyo ni Mheshimiwa Daktari wa Heshima Kibindo, Waziri wa Pwani na Mambo Yaliyosalia. Hakuwa mwongo. Aliamini kabisa kwamba bahari ya Shwarini inashuka, na kwamba inashuka kwa sababu yake.

*

Balaa lilianza asubuhi moja alipokuja Bwana Mapute, Mkurugenzi wa Mradi wa Kuinusuru Pwani, na nguzo mpya nyeupe juu ya gari. Alimsalimia Bi Mize kwa bashasha. Bi Mize akajua kuna jambo.

"Mama, serikali imekukumbuka," alisema Bwana Mapute. "Imekuletea mti wa pili."

"Wa kwanza una kasoro gani?"

"Hauna kasoro. Ndiyo maana hatuung'oi."

Mafundi wakaisimika nguzo nyeupe hatua ishirini kuelekea nchi kavu, pahali ambapo maji hugusa kwa nadra, tena kwa aibu. Kisha Bwana Mapute akatoa madaftari mawili, jekundu na la buluu, akaeleza utaratibu. Kipimo cha mti wa zamani kiandikwe katika daftari jekundu, kwa ajili ya wakazi, wapate kuona kwamba bahari inapanda, eneo ni la hatari, na nyumba zao arobaini lazima zivunjwe. Kipimo cha mti mweupe kiandikwe katika daftari la buluu, kwa ajili ya watakaonunua majumba ya kifahari yatakayojengwa papo hapo, wapate kuona kwamba bahari haina habari na mtu.

"Bwana Mkurugenzi, bahari si ni moja?"

"Bahari ni moja, Mama. Wasomaji ndio wawili."

"Na hao wa majumba, maji hayatawafikia?"

"Yatawafikia," alisema Bwana Mapute kwa upole. "Lakini wale wana bima."

Akaondoka. Bi Mize akabaki na madaftari mawili mkononi. Daftari la buluu halikumuuma, kwani uongo wa serikali aliuzoea kama alivyozoea mbu. Lililomuuma ni jekundu, kwa sababu lilikuwa kweli tupu. Vile vidole alivyovihesabu mvua na jua miaka yote hiyo, bila kuongeza wala kupunguza, ndivyo vilivyochukuliwa sasa kumtoa yeye na majirani zake majumbani mwao.

Tangazo likabandikwa mlango kwa mlango. Lilisema: "Kwa mujibu wa vipimo sahihi vya Bi Mize binti Vuai, wakazi mnaombwa kuhama kwa hiari ndani ya siku sitini. Asiyehama kwa hiari atahamishwa kwa hiari." Walipangiwa kupelekwa mlimani, nyuma ya makao mapya ya Jeshi la Maji, ambako hakuna maji.

*

Alasiri hiyo wakazi walikutana bwaloni. Shwarini watu wakipatwa na msiba mkubwa, jambo la kwanza ni kumtafuta aliyekula rushwa. Mmoja alishukiwa kwa sababu amenunua godoro jipya. Mwingine alishukiwa kwa sababu hakununua kitu, na hiyo ni dalili ya mtu anayeficha. Kisha macho yote yakamgeukia Bi Mize, na Koplo mstaafu Ngwali akasimama.

Huyu Ngwali ndiye aliyekuwa fundi wa kupaka rangi manowari. Mkono wake ulikuwa mzuri, hakuna asiyekiri hilo, ila tangu chombo kizame hakupenda mtu amsifu.

"Jina lako liko mlangoni kwangu, Bi Mize," alisema. "Miaka thelathini naishi pale, langu halijawahi kuandikwa."

"Nimeandika nilichokiona, kaka."

"Ungeona kidogo basi. Wenzako wote serikalini huona kidogo."

"Ningeona kidogo, siku moja ungeamka unaelea na kitanda chako."

"Bora nielee kwangu kuliko nikauke kwa watu."

Hakuna aliyecheka. Walitawanyika bila kuagana, na kwa siku nyingi hakuna aliyebisha hodi kwa Bi Mize, hata wa kuazima chumvi. Alipopita kisimani, mazungumzo yalikatika. Yeye aliyekuwa hodari wa kushuku watu hakujua kumbe kushukiwa kunauma hivyo. Alilia peke yake jikoni, kisha akajishuku kwamba huenda analia ili ajionee huruma, akaacha.

*

Zilipobaki siku thelathini na tano, Bwana Mapute akarudi. Mheshimiwa Waziri mwenyewe angekuja kuweka jiwe la msingi katika uwanja wa gwaride, mbele ya wanunuzi na wafadhili. Ilihitajika hati ya mtaalamu wa bahari, na mtaalamu wa bahari ni Bi Mize.

"Kadi zitasema saa nne kamili asubuhi," alieleza. "Tutafutie siku ambayo saa nne asubuhi bahari iko mbali kabisa. Hatutaki wanunuzi waione karibu, wakaanza kuuliza maswali."

"Saa nne asubuhi tu?"

"Saa nne asubuhi, Mama. Serikali haina saa mbili mbili."

Bi Mize akapiga hesabu. Mtu wa pwani anajua kwamba siku za bamvua, mwezi unapoandama, maji hutoka mbali kuliko siku zote, na nguvu ile ile yaliyotoka nayo ndiyo yanayorudi nayo. Saa nne asubuhi unaweza kutembea mpaka kwenye miamba kuokota kombe na usilowe kifundo. Saa kumi alasiri yamejaa, yako uwanja wa gwaride. Bwana Mapute hakuwa mtu wa pwani. Alikuwa mtu wa ofisini, na ofisi yake ilikuwa mlimani.

Na lipo la pili ambalo kila raia wa Shwarini analijua, awe wa pwani au wa bara. Huko kuchelewa ni cheo. Diwani huchelewa saa moja, mkurugenzi saa mbili unusu, na waziri hapungui saa tano. Naibu waziri mmoja aliwahi kufika kwa wakati, watu wakasema huyu ameshushwa, na kweli kesho yake akashushwa.

Bi Mize akachukua kalamu. Akaandika: "Nathibitisha kwamba siku ya pili ya mwezi mwandamo, saa nne kamili asubuhi, bahari itakuwa mbali kuliko saa nne ya siku nyingine yoyote ya mwezi huu." Akaisoma hati mara tatu akitafuta uongo ndani yake, kama anavyotafuta nyanya iliyooza. Hakuuona. Akatia sahihi.

"Umetusaidia sana, Mama," alisema Bwana Mapute.

"Nimejibu nilichoulizwa."

*

Siku ilipofika, saa nne asubuhi bahari ilikuwa mstari mwembamba huko mbali, hata mnunuzi mmoja aliyevaa viatu vyeupe aliuliza kama kweli ipo. Mahema yalisimikwa uwanjani, viti vikavikwa vitambaa. Ngwali aliitwa kupaka dhahabu herufi za jiwe la msingi, bamba la marumaru lenye urefu wa mtu, lililosimamishwa upande wa baharini na kufunikwa pazia. Wakazi walipangwa nyuma ya kamba, kwenye vizingiti vya nyumba zao, kwa kazi ya kupiga makofi.

Ikawa saa tano, ikawa saa saba. Wageni walikunywa soda zikaisha. Saa nane ule mstari mwembamba ukanenepa, ila waliokaa mahemani walikuwa wameipa bahari migongo ili wautazame mlango atakaoingilia Mheshimiwa. Saa tisa na robo ving'ora vikalia, akaingia. Watu wakasimama, wakaketi naye, na kuanzia hapo, kwa mujibu wa itifaki ya Shwarini, hakuna aliyeruhusiwa kuinuka tena mpaka mgeni rasmi ainuke. Mgeni rasmi naye hainuki mpaka akaribishwe. Na hakaribishwi mpaka wageni wote wamalize kutambuliwa kwa vyeo vyao.

Bwana Mapute alianza kutambua. Alipofika kwa makatibu wakuu, maji yaliingia chini ya hema kimya kimya. Alipofika kwa makamishna wasaidizi, viatu vya waliovivua vilianza kutembea vyenyewe. Wageni walinyanyua miguu, wengine wakaikunja juu ya viti, lakini hakuna aliyeinuka, kwa sababu kila mmoja alimtazama jirani yake kuona kama ataanza yeye, na jirani naye alikuwa anamtazama. Nyuma ya kamba, Ngwali alisogea mpaka alipo Bi Mize. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya bwalo.

"Ulijua?"

"Waliniuliza saa nne, kaka. Hawakuniuliza saa kumi."

Ngwali akatazama maji, akawa kama mtu aliyesamehewa jambo la zamani.

Mheshimiwa Kibindo alipokaribishwa hatimaye, maji yalikuwa yamempita magoti. Alisimama kwa heshima zote, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Ndugu wananchi, ndugu wanunuzi, ndugu wafadhili, itifaki imezingatiwa," alisema. "Wenzetu kule ng'ambo bahari inawapanda kwa sababu ya uongozi legelege. Hapa kwetu bahari imerudi nyuma. Imerudi kwa hiari. Imetusoma, ikatuelewa." Akatulia ili wapige makofi, na wakapiga. "Maji haya mnayoyaona ni ya maonyesho. Yameletwa na Wizara, kwa gharama nafuu, mpate kufahamu hali ingekuwaje kama sisi tusingekuwepo."

Yule mnunuzi wa viatu vyeupe, ambaye sasa hakuwa navyo, akauliza kwa sauti kama bima inaanza leo au kesho. Mheshimiwa aliendelea kuhutubia. Basi akainuka kabla ya mgeni rasmi kumaliza, jambo ambalo halijapata kutokea katika historia ya taifa, na wenzake wakamfuata, mmoja amebeba mkoba kichwani. Wafadhili nao wakafuata wakiandika. Mheshimiwa aliisaka kamba ya pazia chini ya maji kwa kupapasa, akaivuta, akatangaza jiwe limewekwa, kisha akabebwa mabegani na wakurugenzi wawili waliolingana urefu, asije akainamia upande mmoja.

*

Tume ikaundwa. Ikamwita Bi Mize, ikamweka kwenye kiti kifupi, ikamuuliza nani aliyeyaita maji. Akatoa nakala ya hati yake. Tume ikaisoma mara tatu, na yenyewe ikaukosa uongo. Kumtia hatiani ingelazimu kuandika kwamba Waziri alichelewa, na sheria ya Shwarini iko wazi: waziri hachelewi, ni wengine ndio huwahi. Kwa hiyo tume ikahitimisha kwamba siku ile bahari iliwahi, ikaipa onyo.

Lakini tangazo la kuhama halikufutwa, na zilibaki siku kumi na nane. Wanunuzi walipokimbia, Bwana Mapute alikwisha kutafuta wengine kutoka nchi isiyo na bahari. Bi Mize akashuka uwanjani maji yalipotoka, akalikuta lile bamba limelazwa matopeni, jina la Mheshimiwa linang'aa juani. Alilizunguka. Kisha akaenda kubisha hodi kwa Ngwali.

"Niambie ukweli. Ile dhahabu yako inahimili maji ya chumvi?"

"Rangi yangu iliizamisha manowari," alisema Ngwali, "lakini haikubanduka."

Watu kumi na wawili walilibeba bamba mchana kweupe, wakalisimamisha mbele ya nyumba ya kwanza ya kambi, uso umeelekea baharini. Askari polisi walipokuja kuuliza nani kalisogeza, wakajibiwa kwamba ni bahari. Walikubali mara moja, kwani bahari ilikuwa na kesi nyingine tangu wakati wa manowari.

Kwenye bamba, juu kabisa palikuwa na maneno ya kawaida ya jiwe la msingi, katikati jina la Mheshimiwa na vyeo vyake, chini yake tarehe, na chini ya tarehe nafasi tupu. Bamvua iliyofuata maji yakaja yakafunika tarehe. Bi Mize hakwenda kwenye mti wa zamani, wala mweupe. Alifungua daftari jekundu akaandika: "Leo maji yamefika kwenye nyayo za jina la Mheshimiwa Waziri. Bamvua ijayo yatalifunika lote. Jina halina ukuta wala mlinzi."

Wa meza ya kwanza alishika kalamu apunguze, kama ilivyo adabu. Akasita. Vidole angepunguza, ila hapa hapakuwa na vidole. Akilipunguza jina la Waziri, hilo ni kosa la miezi sita jela. Akiandika kwamba maji hayajafika, kisha jina likazama, yeye ndiye atakayekuwa amemzamisha Waziri. Akaisukuma taarifa meza ya pili kama kaa la moto, wa pili akaisukuma kwa wa tatu, na saa moja baadaye ilikuwa mbele ya Mheshimiwa, nzima kama ilivyoandikwa. Wazee wa wizara wanasema hawakuwahi kuona jambo kama hilo.

Amri zikatoka siku ile ile. Ujengwe ukuta wa bahari kulikinga jina. Na wakazi wa nyumba arobaini wateuliwe Walinzi wa Jina, wasiondoke kwa sababu yoyote. Asiyebaki kwa hiari atabakishwa kwa hiari.

Alasiri hiyo kambi nzima iliandamana kwenda kwa Bi Mize. Ngwali alimletea sahani ya viazi vya nazi, imefunikwa kawa. Bi Mize akavigeuza kimoja kimoja kwa ncha ya kijiko, watu wakimtazama. Havikuwa na kitu. Akala, machozi yakamtoka, na safari hii hakujishuku.

*

Ukuta ulijengwa kwa wiki tisa na mkandarasi ambaye ni shemeji wa Mheshimiwa. Kila asubuhi Bi Mize aliupita akiugonga kwa kifundo cha kidole. Siku ya nne alisimama.

"Hapa pana hewa," alisema.

"Ni hewa ya serikali," alisema Ngwali. "Haitaisha upesi."

Ukuta ulidumu bamvua sita. Ya saba, maji yakapenya pale pale alipogonga, yakaja mpaka chini ya jiwe. Bi Mize aliandika taarifa, na Wizara ikaleta mafundi siku hiyo hiyo, wakaziba. Hivyo wakaishi mwaka mzima, wao na bahari na Mheshimiwa, kila mmoja akimchunga mwenzake.

Kisha asubuhi moja redio ikatangaza kwamba baraza la mawaziri limepanguliwa. Mheshimiwa Kibindo ameondolewa, anapangiwa kazi nyingine ambayo haikutajwa, na Wizara ya Pwani na Mambo Yaliyosalia imepewa mwingine. Watu walitoka nje wakasimama mbele ya bamba. Jina lililokuwa linawalinda sasa lilikuwa la mtu wa kawaida, na kwa mtu wa kawaida hakuna ofisi Shwarini inayotuma fundi. Kule ukutani, maji yalikuwa yameanza tena kupenya.

Bi Mize alimwomba jirani ampandishie sauti ya redio, akasikiliza mpaka aliposikia jina la waziri mpya lote, pamoja na vyeo. Akalirudia mara mbili kwa Ngwali, ambaye alikwisha kukoroga dhahabu kwenye kopo.

"Nilipake juu ya lile la zamani?"

"Usirudie makosa ya manowari, kaka. Lipake chini ya tarehe, kwenye nafasi ile."

"Chini kiasi gani?"

Bi Mize aliinama akatazama alama iliyoachwa na maji ya jana. Akaweka kiganja chake kwenye marumaru, shubiri nzima chini ya hapo.

"Hapa," alisema. "Huyu nataka alowe mapema."